Vinundu

Usoke, Februari, ardhi imeshiba mvua.
Baba amechuchumaa kwenye tuta la karanga,
mche mkononi, mizizi juu,
kama aliyemnasa kuku mwizi kwa miguu.
"Minyoo fundo," anasema. "Imevuka kutoka kwenye tumbaku.
Ng'oeni yote. Chomeni."

Namwelewa. Mwaka juzi mizizi ya tumbaku ilivimba hivi hivi,
majani yakanyauka mchana kweupe,
na chama cha msingi kikaandika deni la mbolea:
mifuko minane, Mihayo Kashindye,
kidole gumba cha wino chini.

Shangazi Nyamizi habishani.
Anachuma kinundu kimoja, kama punje ya mtama,
anakipasua kwa ukucha.
Ndani ni wekundu. Wekundu wa ufizi wa mtoto.
"Ugonjwa gani huu wenye damu?" anauliza. "Hawa wako kazini."

Shuleni ilikuwa sentensi moja ubaoni,
nikainakili, nikapata vema.
Hakuna aliyeniambia kwamba hewa hii
ni ghala lililofungwa,
kwamba naitrojeni huenda pacha, Kulwa na Doto,
wamekumbatiana mara tatu,
na kuwaachanisha hutaka radi
au tanuri la kiwanda.
Wadogo hawa huwaachanisha gizani,
bila moshi, bila mninga kuangushwa,
kwa sukari waliyotumiwa na jani.
Ule wekundu ni bawabu:
huwapimia oksijeni kwa kijiko,
maana ikizidi, mtambo unakufa.

Kisha amonia. Kisha amino asidi,
zikitungwa moja moja kama shanga,
mpaka punje ya karanga inajaa ganda lake,
mpaka kinu, mpaka mchuzi wa kisamvu,
mpaka ukucha wa shangazi,
huu huu uliopasua kinundu.

Baba anatazama kidole gumba chake.
Anaurudisha mche shimoni, ingawa anajua hautashika,
anaufukia, anakandamiza udongo kwa kisigino
taratibu, kama anayeomba radhi bila kusema.
Halafu, akiwa ameshatupa mgongo:
"Na hawa wenzako, riba yao kiasi gani?"

"Majani," anajibu shangazi. "Ukishavuna, waachie shambani."

Baba anasimama pale muda mrefu,
akihesabu kitu kwa vidole.