Sauti ya Chumba

Mwanzo nilishika mpini wa deki,
maiki imefungwa kwa kipande cha tairi,
na Ezaru akaniambia: usipumue.
Ndiyo kazi niliyoajiriwa,
kutopumua bila mshahara
nyumbani kwa shangazi yake, Mvara,
mwaka ule umeme wa Arua ulipokuwa ukituaga saa sita usiku
kama mgeni aliyekumbuka ghafla ana mke.

Kamera ilikuwa ya harusi.
Ijumaa hadi Jumapili tulipiga keki, shela,
wajomba wanaocheza vibaya.
Jumatatu tulipiga filamu,
na ukitazama sana, pembeni mwa onesho la tatu,
utaliona puto limesahauliwa darini.

Hati aliiandika nyuma ya vitabu vya risiti
vya duka la magodoro la mama yake.
Ukurasa: mjane anarudi kutoka makaburini.
Ugeuze: futi tano kwa sita, inchi nane, amelipa nusu.
Ezaru naye amelipa nusu maisha yake yote,
nusu ya diski, nusu ya jenereta,
nusu ya Onzima, mhusika wetu mkuu,
aliyepata kazi ya lori la Juba
hadithi ikiwa bado inamhitaji.
Hakulia. Aliketi juu ya ndoo, akaandika upya:
mume afe mapema.
Kivuli kile ukutani ni changu.
Watu husema nimekufa vizuri.

Mfadhili aliandika kutoka mbali:
tumeipenda sana, lakini wakimbizi wako wapi?
Ezaru akajibu kwa mstari mmoja,
wamekwenda sokoni,
akafunga kompyuta
tukaenda kupiga harusi ya watu wa Koboko.

Miaka tisa. Filamu nne na robo.
Robo imo ndani ya diski iliyotumbukia
kwenye sufuria ya maharage.
Tunaitunza bado, imeviringishwa kitambaa,
hatujui kwa nini.

Lakini nilitaka kusema habari ya zile dakika tatu.
Mjane anaosha vyombo baada ya matanga.
Hakuna neno. Niliwatoa watu wote nje,
nikarekodi chumba:
tone la bomba, bati likijinyoosha baada ya jua,
jogoo wa jirani asiyejua saa,
na kile kisicho na jina
ambacho nyumba hubaki nacho ikipunguzwa mtu.

Kibanda cha video, Oli. Kiingilio shilingi mia tano.
Mfasiri wao, Draga, akashika maiki yake
akatafsiri Kilugbara kwa Kiswahili,
kisha Kilugbara kwa Kilugbara,
na zilipofika sahani akatafsiri sahani:
Tazameni jamani, anaosha! Anaosha tena!
Huyu mama sabuni itamwisha!
Kibanda kizima kikacheka.
Ezaru alikuwa benchi la nyuma, anatafuna muwa.
Sikumtazama usoni.

Usiku wa pili, vilevile, na mzaha wa sufuria ukaongezwa.

Usiku wa tatu sahani ya kwanza ikaingia majini
na Draga akanyamaza.
Tulingoja aanze.
Tone. Bati la filamu likalia,
bati la juu yetu likaitikia,
chumba changu kikaingia ndani ya chumba chao
bila kupiga hodi.
Dereva mmoja wa bodaboda akavua helmeti,
akaipakata kama mtoto.
Ezaru akanibana mkono: usipumue.
Sikuwa napumua.

Baadaye nilimuuliza Draga.
Waya, akasema, waya ulikatika, kaka, nisamehe.
Kesho yake nikaenda na koleo na mkanda
nimtengenezee bure.
Waya ulikuwa mzima.

Ezaru sijamwambia.
Ana kitabu kipya cha risiti, ameanza kutokea nyuma,
nasikia kalamu mpaka huku nje.
Jumamosi tuna harusi Maracha. Wametaka droni.
Hatuna droni.
Amesema nipande juu ya paa la kanisa.