Kisivuje

Mwaka wa pili wa ubobezi, mjini Porto,
mvua haijakatika tangu Oktoba.
Daktari bingwa mimi, kwa cheti na mhuri,
na bado Profesa Figueira huniita "mwanafunzi",
yeye anayesalimia mshono kabla ya mtu.

Kitanda cha tisa: Adérito Cerdeira,
fundi wa mapipa ya mvinyo, ng'ambo ya mto.
Miaka arobaini akipinda mbao kwa moto na maji.
Saratani imetoboa ukuta wa kibofu, imezama kwenye msuli.
Nikaketi, nikamweleza taratibu, kama tulivyofunzwa:
tutakitoa chote,
tutakata kipande cha utumbo wako,
tukipasue, tukikunje, tukishone kiwe mfuko,
nao utabeba mkojo.
Nikangoja aulize habari za kifo.
Akauliza: "Mtajuaje kwamba hakivuji?"

Nikampa asilimia. Akageukia dirisha.
"Sisi," akasema, "hulimwagia pipa maji ya moto,
tukaliviringisha, kisha tukanyamaza.
Lenye kasoro husema lenyewe."

Jumamosi nikanunua utumbo wa nguruwe sokoni.
Dona Ermelinda alidhani napika soseji.
Nikashona juu ya meza ya jikoni
mpaka mwenye nyumba akagonga, harufu imemshinda.
Mshono wa kwanza ulifunguka kama mdomo wa mlevi.
Wa tano ukashika. Wa sita nao ukafunguka.

Siku yenyewe, saa ya nne ya upasuaji,
Figueira akarudi nyuma hatua moja.
Moja tu, lakini chumba kizima kiliisikia.
Uzi ukawa wangu.

Nilipofunga fundo la mwisho
tukakijaza maji ya chumvi, mililita mia na hamsini,
kikavimba, cha waridi, kigeni, kama kitu kilichozaliwa leo.
Tukanyamaza.
Chini, upande wa kushoto, tone.

Wahenga walituonya juu ya ufa.
Juu ya tone hawakusema neno.

"Tena," akasema Figueira, bila kupandisha sauti.
Mshono mmoja. Maji tena. Kimya tena,
kirefu hadi nikasikia saa ya ukutani
na tumbo la muuguzi Salomé likidai chakula.
Kikavu.

Sasa Adérito huamka kila baada ya saa tatu, kwa kengele,
maana utumbo haujui kumwita mtu chooni.
Kliniki huja na daftari, maandishi ya penseli ya seremala:
"Saa nane usiku, kikombe kizima. Shuka kavu."
"Saa kumi na moja, kimevuja."
Akaniona nimeinamisha kichwa.
"Mbao mpya, daktari. Zipe muda zivimbe."

Sijamwambia bado kila kitu.
Tezi ishirini na mbili tulizitoa, majibu yamerudi,
mbili zilikuwa nayo.
Karatasi imo mfukoni mwangu tangu asubuhi
na hakuna aliyenifundisha fundo la kuifunga.
Figueira amesema: "Hilo utalisema wewe.
Ukiwa umeketi. Na usianze na asilimia."

Nikavuta kiti.

Jumamosi hii nimepita tena sokoni.
Dona Ermelinda alishanipimia mita mbili, akanifungia kwenye gazeti.
"Soseji zako hizo," akasema,
"lini tutazionja?"