Msumari wa Bondeni

Saa kumi mvua ya Kakamega hugonga mabati
kama mdai kodi: haiulizi kama tupo.
Mama anakimbilia sufuria ya ugali,
anaitega juu ya kiti cha wageni, chini ya lile doa
lenye rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Ti. Ti. Kisha kimya. Kisha ti,
pale tu unapoamini imekoma.

Mwaka mzima tumehamisha viti.
Redio imehamia chumbani,
Biblia imevalishwa karatasi ya nailoni,
na Rasoa, mpwa wangu, amezoea kulala amejikunja
kama paka aliyekosewa heshima.
"Nimwite Mukabwa?"
"Mukabwa," anasema Baba, "amalizie kwanza choo chake."
Paa hili aliliezeka mwenyewe. Hakuruhusu mtu alipande.
Kila Januari yeye, ngazi yake na kopo la lami,
nasi tukidhani ni kiburi.

Sasa magoti yamemgomea.
Ananielekeza kwa bakora kutoka uani:
Kushoto. Si hapo.
Maji hayaingii yanapodondokea, wewe,
yanatambaa na boriti kwanza, yanaficha yalikotoka.
Panda hadi karibu na kofia. Tafuta weusi.

Nautafuta weusi. Upo:
lami juu ya lami, miaka juu ya miaka,
kichuguu kilichopasuliwa na jua.
Nakwangua kwa bisibisi.
Ndani yake msumari mmoja, shingo imepinda,
tena haukupigwa mgongoni mwa bati kama wenzake.
Umepigwa bondeni,
kwenye njia yenyewe ya maji.

Fundi gani huyu,
nafungua mdomo nimtukane,
na kiganja kinakumbuka kabla yangu:
mpini wa nyundo, mnene mno kwa vidole vyangu,
nina miaka sita, Baba amenishika kiunoni
hapa hapa, juu ya dunia nzima.
"Piga! Nyumba ni yako pia."
Nami nikapiga nilipoweza,
na chini Mama akapiga vigelegele.

"Umeuona?"
"Nimeuona."
Anakohoa. Anamtazama ng'ombe wa jirani
kama anayetaka kumnunua.
"Basi usiung'oe. Upake tu."

Wingu limekwisha kusimama upande wa Shinyalu.
Saa tisa na dakika arobaini.
Nachovya brashi.