Ofisi Tisa

Tiketi yangu ya foleni ni mia moja na kumi na saba.
Ubaoni inawaka mia moja na tisa.
Nimeketi, mapajani nina mfuko wa mkate,
na ndani yake si mkate:
vibao viwili vya namba,
cha nyuma kizima, cha mbele kimepinda
tangu tulipogonga lango la dada yake
Krismasi ya mwaka ule wa barafu.

Jana Wiesław, mwenye uwanja wa skrepa nyuma ya reli,
aliizunguka Passat mara moja tu,
akagusa tairi kwa ncha ya kiatu
kama daktari aliyekwisha jua,
akasema, "Mzee Eckart, hii ilikufa zamani."
Akanipa dakika kumi nitoe vyangu.
Chini ya kiti cha Irmela nikapata kibanio cha nywele,
peremende mbili zilizogandana,
na risiti ya petroli ya siku tuliyopotea tukienda Rügen,
kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa ramani.

Cheti cha gari ninacho. Karatasi moja, mhuri mmoja.

Kwa Irmela nilizunguka ofisi tisa.
Benki walitaka cheti halisi, nakala hawakuitaka.
Kampuni ya simu ilitaka azungumze yeye mwenyewe.
Maktaba iliendelea kumtoza faini hadi Machi.
Mara tisa nilisema neno lile lile
mbele ya vioo tisa,
hadi likachakaa mdomoni,
likawa kama jina la mtaa.

Mia moja na kumi na saba.
Dirishani yupo binti, beji yake yasema Petzold,
kucha za zambarau, mafua makali.
Anapokea cheti, anapokea kadi ya gari,
kisha anashika kibao, na kwa bisibisi bapa
anakwangua mhuri wa serikali
kama apaaye samaki.
Vumbi la rangi linamwagika mezani. Analipuliza.
"Bima wataarifiwa," anasema. "Kodi pia.
Huna haja ya kwenda popote."
Nikacheka. Akaniangalia.

"Na namba, tukuhifadhie?
Yuro mbili na senti sitini."

GR ni ya mji wetu, Görlitz.
IE: Irmela, Eckart.
74: mwaka tuliooana, mvua ikitujaa viatuni.
Aliichagua yeye, kwenye dirisha kama hili,
mimi nikinung'unika pembeni kwamba namba ni namba.
Sarafu nilikuwa nazo mkononi, naapa, tayari zina joto.
Lakini niihifadhi niibandike wapi?
Macho yangu haya hayataendesha tena.
Nikasema, iachie.
Nikasema, pengine yupo Ingo mahali, na Edda wake,
wana haraka, wanatafuta herufi.
Binti akabofya mara moja.
Ilitoka sauti ndogo kuliko chafya yake.

Vibao alinirudishia. Vikishafutwa, havimhusu mtu.
Kilichopinda nimekisukuma chini ya mguu wa meza ya jikoni,
ile aliyoniomba niitengeneze
tangu watoto wakiwa shuleni.
Bado inayumba,
lakini si kama zamani.