Kamusi ya Waya

Jumanne na Alhamisi, zamu ikiisha,
tunajibana watu saba kwenye chumba cha boila
kwa kuwa ndicho pekee chenye joto.
Mwalimu ni Tekle, mhandisi, rika la kitinda mimba wangu.
Hana kitabu. Amemwaga mezani
kipande cha waya, raba ya dirisha,
kijiti cha mzabibu kilichopogolewa jana,
na chaki.

"Vunjeni," akasema.

Chaki ilikatika kabla sijaikazia mkono.
Brittle, akaandika kwa kipande kilichobaki,
na neno lenyewe likanivunjikia mdomoni.
Gocha akasema hilo ni jina la shemeji yake.
Kisha akaivuta raba, akaivuta, akajisahau,
ikamrukia kidoleni: "Auch!"
Neno lake la kwanza la Kiingereza
bila kosa la matamshi.

Samaki hukunjwa angali mbichi.
Mimi nina miaka hamsini na tisa,
nilishakauka, nikatiwa na chumvi.
Ulimi wangu wa Kijojia
hupanda konsonanti sita mfululizo bila kushika ukuta,
lakini w ndogo ya watu wa mbali
huniteleza kama sabuni.

Ila waya mpya umetoka Austria
na kitabu chake kina kurasa mia tatu na kumi,
zote Kiingereza.
Asiyeweza kukisoma, meneja amesema,
atahamia dirishani kukata tiketi.
Mimi! Niliyewavusha wachimba manganizi
juu ya mto Kvirila, kwenda na kurudi,
niliyeujua waya wa zamani kwa sikio,
ukiguna nilijua ni baridi,
ukinyamaza nilisimamisha kibanda.

Basi nikasoma.
Stress, nikaandika: si kile anachokuletea mume akichelewa.
Ni mzigo ukigawiwa unene wa anayeubeba.
Nikafikiri juu ya mama yangu, mwembamba,
na watoto wanane.
Strain ni jinsi ulivyovutika.
Hilo sikuhitaji kulikariri.

Halafu lile la wiki ya tano.
Fatigue, alisema Tekle, ni uchovu wa chuma.
Waya hauui uzito mkubwa wa siku moja.
Huuawa na uzito mdogo, uleule,
unaopanda na kushuka, unaopanda na kushuka,
mpaka ufa usioonekana upate pa kuanzia.
Niliinua mkono. "How many?"
Swali langu la kwanza kwa lugha hiyo,
na chumba kizima kiligeuka kunitazama.

Alijibu kwa tarakimu. Sikusikia,
nilikuwa napiga hesabu pembeni mwa daftari:
safari sitini kwa siku, siku mia tatu,
miaka thelathini na mmoja.
Laki tano na elfu hamsini na nane.
Lamara alichungulia, akaufunika mkono wangu
kwa mkono wake wenye grisi.

Yield bado tunagombana nalo.
Ni ile nukta, kasema mwalimu,
ukiivuka hurudi tena ulivyokuwa.
Kamusi yangu ya mfukoni inasema ni kusalimu amri,
na mstari unaofuata inasema ni kutoa mavuno.
Nikamuuliza inakuwaje, neno moja.
Tekle alikuna kichwa,
akasema ukurasa wa arobaini hauhitaji maana hiyo.

Waya mpya hauimbi.
Unapita kama gari la mtu tajiri.
Kwa hiyo asubuhi naupapasa kwa kiganja,
uzi kwa uzi, kama kitabu kinavyoagiza,
nikitaja kila kitu kwa sauti ya chini:
strand, core, grease, crack,
hapana, no crack.

Kile kijiti cha mzabibu, ambacho Gocha alikipinda
hadi ncha zikagusana na bado kikanyooka,
niliondoka nacho mfukoni.
Nilikichomeka kwenye kopo la rangi, dirishani pa tiketi,
kana kwamba nakitangulizia kiti.
Leo kimetoa jicho la kijani.

Sijui wanakiitaje.
Nitauliza Alhamisi.