Mfuko Uliochanika

Waliteremka Kasumulu saa moja, ukungu wa Rungwe
ungali juu ya migomba kama shuka lisilokunjwa.
Magari matatu meupe, bendera ya Jumuiya kwenye boneti,
na mmoja wao, mama mnene wa lafudhi ya mbali,
akanijia cherehanini:
“Fundi, mfuko umechanika. Kalamu zinadondoka.”

Nikaushona kwa uzi wa gunia la mchele.
Mgongoni mwa kizibao: MWANGALIZI.
Nikauliza, kuangalia kunalipa kiasi gani?
Akacheka, akatoa hela, hakujibu.

Songwe huu hauna adabu na ramani.
Mwaka wa mvua kubwa ulihama usiku,
ukaliacha ng'ambo shamba la Ambakisye,
kakao yote, na kaburi la mkewe.
Akaamka raia wa huku, mfiwa wa kule.
Kwa hiyo msituambie habari ya jirani
kama mtu anayesoma gazeti.
Dada yangu Subilaga anapiga kura kule.

Usiku ule simu yake ilikatikakatika:
“Walikuja saa nne, wakakaa dakika ishirini,
wakaandika kwamba foleni ni ndefu.
Tulijua. Tulikuwa ndani yake.”
Akacheka, akanyamaza.
“Lakini yule mama wako alirudi jioni peke yake,
akakalia kopo la rangi, chemli inafuka moshi.
Ilitokea karatasi, karani akataka kuipitisha.
Mama hakusema neno.
Alitoa kalamu mfukoni tu.
Karani akaanza upya, kwa sauti: moja…
Tulihesabu naye kutoka dirishani
mpaka jogoo.”

Redioni, siku ya tatu, wakubwa wa Jumuiya wakasema
uchaguzi, *kwa ujumla*, ulikwenda vizuri.
Kwa ujumla: turubai la lori hilo,
huoni kilichopakiwa.
Sikusikia habari ya kopo la rangi.

Mwakani ni zamu yetu.
Watavuka wa kule waje kututazama,
na Subilaga, eti, ameandikisha jina.
Nimekwishamkatia kitambaa.
Jana mtendaji wa kata alipita,
akauliza kizibao hiki cha nani.
Cha mgeni, nikasema.
Akakigeuza, akasoma mgongo,
kisha akaingiza vidole viwili mfukoni,
akavuta.
Mshono ukakaa.