Maneno Saba

Saa kumi na mbili na nusu simu ya dirisha la tiketi ikalia.
Nikaipokea mimi, kalamu mdomoni.
"Samahani dada, ndani ya boti muna bomu."
Akakata.

Abiria wakashushwa, Mkoani nzima ikajaa gatini.
Magunia ya karafuu yakafumuliwa,
kabati la bibi harusi likalazwa ubavu kama mgonjwa.
Mbwa akaletwa kutoka Chake. Akanusa begi, akanusa kikapu,
akatia pua yake mbichi kwenye msala wa Bi Mgeni,
naye akapiga ukelele: "Nani atanioshea mara saba,
na moja kwa mchanga?"
Askari walikuwa wakitafuta waya.

Bomu halikuwamo.
Mlikuwa na pweza mkavu, madaftari ya skuli,
dawa ya sukari ya mtu, inapata moto juani.

Akatokea kijana anatweta, grisi mpaka kwenye viwiko,
tiketi yake safi kuliko shati.
Akampokea Bi Mgeni kikapu. Akapanga foleni.
Akaniuliza: "Kuna nini, dada?"

Dada.
Ile *da* ya kwanza huivuta,
kama mtu anayepima kina cha maji kwa kidole cha mguu.

Mahakamani Shaame Kombo alieleza:
mpira wa vespa ulipasuka Mtambile,
usaili wa kazi Unguja saa nane,
alitaka boti imngoje. Nusu saa tu.
"Nusu saa," hakimu akarudia, akaandika.
Wakili akasimama: mteja wangu alianza kwa samahani.
Hakimu akavua miwani.
"Umbishie mtu hodi, kisha umtie moto nyumba?"

Kifungu kikasomwa, kirefu, hakijui jina la mtu.
Miezi ishirini na minane, Chuo cha Mafunzo.
Mama yake hakulia. Aliuliza kama huko chuoni
huruhusiwa kupelekewa mkate wa kumimina.

Nami, mtu wa kuhesabu chenji, nikagawa:
miezi minne kila neno.
Minne ya bomu, sawa, sina la kusema.
Hata *ya*, kadudu kale, minne.
Minne ya samahani.
Na dada, ambalo ndilo lililomfunga,
bei ileile.
Msala wa Bi Mgeni haumo kwenye hukumu, nimeisoma yote.

Siku hizi wakiniita dada dirishani
nanyanyua uso kwanza, nawatazama mdomo.
Jana mtoto kaniita shangazi.
Nikamzidishia chenji, nikagundua jioni.